Nilitaka Kompyuta Imwite Mzee

Mama yangu, shikamoo.

Goti linasemaje siku hizi? Huku Usambara baridi imerudi, lile sweta lako silivui hata nikiwa jikoni. Mwili wangu ni mzima, Mama. Ni aibu tu ndiyo inayonimaliza.

Unajua kazi yangu ni kutunza kompyuta za kituo cha kupokea majani ya chai, huku njia ya Mponde. Karani wa mzani ni Mzee Hoza, mtu mwenye wajukuu wakubwa kunizidi. Kila asubuhi akiwasha kompyuta inamwandikia "Karibu Hoza". Hoza! Kavukavu hivyo, kama inamtuma dukani. Basi wiki iliyopita nikafungua faili la mipangilio yake, mbele ya jina nikaongeza "Mzee". Nikajiona nimelelewa vizuri.

Asubuhi iliyofuata kompyuta ikagoma. Kumbe pale pa jina haitaki maneno mawili. Yenye akili ingesema: mstari huu siuelewi, nauruka, natumia ule wa zamani, kazi iendelee. Hii ikakaa giza, inajizima, inajiwasha, neno hata moja haisemi. Na bila kompyuta mzani hausomi.

Akina mama wachumaji walikuwa wamepanga magunia ya majani hadi barabarani. "Dada, kuna nini?"

"Umeme," nikasema. Mama, taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu!

Hadi nagundua kosa, majani yalishapata joto ndani ya magunia, yamekuwa mekundu, ya kutupa. Mama mmoja alimwaga ya kwake mtaroni bila hata kunitazama.

Meneja akaona faili lina jina la Mzee Hoza, akamsimamisha kazi yeye. Mimi nikanyamaza kama ile kompyuta. Jana Mzee akaja kuchukua koti lake. Nikamwamkia macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Jamani! Nilishindwa. Nikaenda kwa meneja nikasema yote.

Mzee Hoza amerudi mzanini, mimi nimeambiwa nifungashe virago. Kabla ya kukabidhi funguo niliirekebisha kompyuta: ikikuta mstari isiouelewa, iseme, kisha iendelee na wa zamani.

Nisalimie baba mdogo anayekusaidia kuchuma kahawa, na bibi, umwambie sijaacha kusali. Na majirani wakiniona narudi na mabegi wakakuuliza kulikoni, Mama, nakuomba, usiwaambie ni umeme.

Mwanao,
Restuta