Sauti ya Mama Katika Chumba cha Mchezo

Magamba, Lushoto
Jumapili jioni

Mdogo wangu Danieli,

"Hakuna mteja anayeelewa Kishambaa, dada, kwa hiyo hakuna anayeumia." Ndivyo ulivyoniambia jana kwenye simu, nikakukatia. Leo nakujibu kwa kalamu, maana kwa mdomo ningekutukana. Hoja yako ni mbovu. Ukimdhihaki mtu mbele ya wasiojua lugha yake, hujapunguza dhihaka, umepunguza mashahidi tu. Na shahidi mmoja alikuwamo chumbani: mimi.

Lakini nisikuvamie bila salamu. Pokea marahaba yangu. U mzima? Evelina na watoto wanavumiliaje joto la Dar es Salaam? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Baridi imekaza, na kabichi zimefunga vizuri.

Ulipompangisha yule kijana Shukrani nyumba ya mama, sikupinga. Alinieleza kuwa biashara yake ni mchezo wa watu wazima: mnafungiwa chumbani, mnafumbua mafumbo, mkipata ufunguo kabla ya saa kwisha mmeshinda. Nikasema heri nyumba iwe na watu kuliko popo. Walimu wenzangu walipotaka kusherehekea kufunga shule, niliwapeleka mwenyewe, tena kwa majivuno.

Chumba ni kile alichofia mama. Kimetiwa giza na moshi, na mlangoni kuna bango: Bibi Asiyelala. Mwanzoni tulicheka sana. Nassoro aliinua godoro kutafuta ufunguo, Rehema akamwonya asipekue kitanda cha mwanamke asiye mkewe. Ndipo spika ikaanza. Upepo, bawaba zikilia, halafu sauti ya mama, kwa Kishambaa.

Danieli, niliitambua papo hapo. Rehema alining'ang'ania mkono akisema bibi anatuapiza. Nassoro akamwambia bibi anyamaze kwanza, watu wako kazini. Wakaangua kicheko. Nikagonga mlango nikilia nifunguliwe, na Shukrani akajibu kwenye spika kwamba mwalimu avumilie, limebaki fumbo moja. Wenzangu walidhani naigiza. Walinipigia makofi.

Nilipotoka nilimkunja shati kijana wa watu. Akajitetea kwamba sauti hiyo uliirekodi wewe ukimuuguza mama, ukampa, ukamwambia alikuwa anaweweseka tu. Nikamlazimisha anisikilizishe yote, bila upepo wake.

Nakumbuka wiki ulizomuuguza, mimi nikifundisha kule Mlalo. Kiswahili kilikuwa kimeshamtoka, amebaki na Kishambaa, nawe Kishambaa hukukipata, maana ulipelekwa kwa shangazi ukiwa bado mdogo mno. Siku ya mazishi uliniambia kwamba kilichokuuma kuliko kifo ni mama kuondoka bila kukuambia kwa nini, kati yetu wawili, wewe ndiye uliyetolewa.

Alikuambia. Ndicho mnachokatia watu tiketi.

Anasema: mwanangu, usikae mbali hivyo, sogea. Anasema ulikuwa unakohoa usiku kucha kwa baridi hii, daktari akasema hutavuka masika nyingine huku mlimani, na shangazi alikuwa na nyumba kwenye joto. Alikupakia kwenye basi, akarudi akajifungia, akakataa kula. Hakuja kukuona kwa sababu aliogopa ungemshika nguo, na kukuacha mara ya pili asingeweza. Halafu anauliza: umenisamehe? Anangoja. Anauliza tena. Hapo ndipo wateja wanapopiga mayowe, maana Shukrani amepaweka radi.

Hata pumzi yako inasikika humo. Ulikuwa umekaa pale pale kando yake, humjibu, kwa kuwa hukujua umeulizwa.

Kwa hilo sikulaumu. Nimelia kwa ajili yenu wote wawili. Nakulaumu kwa kuita maweweseko maneno usiyoyajua, wakati dada yako yupo na angeweza kukufasiria.

Msalimie Evelina, uwashike watoto kichwa kwa niaba yangu. Na haya si ombi. Kundi lingine linaingia Jumamosi. Kabla ya hapo umwamuru Shukrani aifute sauti hiyo kwenye mashine zake. Nakala uliyobaki nayo usiifute. Panda basi uje nayo, tukae jikoni, nikufasirie neno kwa neno, kisha twende kaburini ukamjibu mama yako.

Dada yako,
Esta