Kimya Baada ya Kila Ubeti

Nyumbani,
Chumba cha juu ya ghala la kimea,
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na shemeji na wapwa zangu wawili. Je, kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Na goti la shemeji, ambalo katika barua yako umeligusia kwa mstari mmoja tu kana kwamba goti ni jambo la kupita, linaendeleaje? Safari hii nijibu kwa kirefu, tafadhali. Ukiandika "si neno" mimi hupata hofu kubwa kuliko kama ungeliandika neno lenyewe.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila miguu humvimba siku za kupika. Fundi Bomba, ambaye tangu uondoke ndiye mkono wa kulia wa kiwanda chetu hiki kidogo, naye yu salama. Bado ananiita Profesa, na bado hakusudii heshima. Mimi nina afya tele, na usingizi wangu ni mzuri ingawa harufu ya kimea hupenya sakafuni na kuniamsha na njaa.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza maswali mawili na kunipa amri moja. Uliuliza kama ni kweli mama anataka kuacha kupika bia, na kama tamasha la bia lilikwenda vizuri. Kisha ukaamuru tumnunulie mama saa ya ukutani, ili aachane na "mambo yake ya kizamani". Maswali nitayajibu. Amri naikataa, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Ni kweli kwamba alitaka kuacha. Mwaka jana waamuzi wa tamasha waliturudishia karatasi ya bia yetu nyekundu ikiwa na sentensi mbili: kwamba ni kali mdomoni kupita kiasi, na kwamba harufu yake ya maua imepotea. Mama aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la sukari. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Ulimi wangu umezeeka." Tangu siku hiyo akawa haonji kitu bila kumpa Fundi Bomba kijiko kwanza: onja wewe, uniambie. Mama, dada! Mtu ambaye alikuwa akijua kwa kunusa tu kwamba wewe umelionja jaribio la pipa la tatu kabla ya siku yake.

Mwaka huu alituambia waziwazi. Karatasi ikirudi na maneno yale yale, atatundika mwiko, na kiwanda alichotuachia marehemu baba kitafute mpishi mwingine. Aliyasema hayo akimenya viazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo maana niliamini.

Mtaani watu walinituliza kwa methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji. Niliwabishia palepale. Mama hajawahi kulewa sifa, na bia iliyotiwa maji hupwaya mdomoni, haiwi kali. Methali, hata ikiwa ya kale namna gani, haina budi kuoana na ushahidi.

Nikaanza uchunguzi. Niliyatuhumu kwa zamu maji, kimea, hopsi na hamira. Nilisoma vitabu vitatu vinene, viwili kati yake vikipingana. Fundi Bomba alinitazama nikipima joto la sufuria kuu kwa mara ya tisa siku moja, akasema, "Profesa, umebakiza kumpima mama yako homa tu." Nilimjibu kwa hotuba. Leo nakiri kwamba mzaha wake ulikuwa karibu na ukweli kuliko hotuba yangu.

Utaratibu wa kupika unaukumbuka, lakini niruhusu niupange tena, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Maji ya kimea yakishachemka saa nzima, mama hutupia konzi la mwisho la hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia harufu. Yakikaa motoni kwa muda mfupi, harufu hubaki. Muda ukizidi, harufu huondoka na mvuke, na kinachobaki ni ukali. Muda huo mama hajawahi kuupima kwa saa. Huupima kwa wimbo wa kufulia nguo alioutunga bibi, wenye beti saba. Ubeti wa saba ukiisha, Fundi anafunga gesi. Zamani mama aliimba ubeti, na wewe, ukiwa umekalia ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, ukaitikia kile kiitikio kirefu cha "Kamua, kamua, jua halina mjomba". Mlikuwa mkiimba mbio, kama watu wanaoiona mvua inakuja.

Nilipokuwa kidato cha pili niliwahi kuupima wimbo huo kwa ajili ya zoezi la hesabu. Daftari lile lipo: dakika kumi kamili. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikaa na saa yangu pembeni ya sufuria kwa sababu nyingine kabisa, nikaupima tena. Dakika kumi na nne na sekunde arobaini.

Nilidhani, kama utakavyodhani wewe, kwamba uzee umempunguza mwendo. Sivyo. Mpiko uliofuata nilipima ubeti kwa ubeti. Mama anaimba kwa kasi ileile ya zamani. Ila kila akimaliza ubeti, hunyamaza. Husimama na mwiko mkononi, uso ameuelekeza mlangoni, kwa sekunde arobaini, ambazo ndizo urefu wa kiitikio chako. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo, hukiimba kiitikio mwenyewe na kuendelea. Dada, mama alikuwa akikuachia nafasi yako. Na hakujua.

Sidhani kwamba kulianza hivyo. Mwaka ule ulipohamia huko na shemeji, huenda kilikuwa kimya cha pumzi moja. Kikakua kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na ulimi wake, ukionja kila mpiko, ukauzoea ukali. Mgema wetu hakutia maji, aliongeza moto.

Nilimweleza Fundi Bomba, nikidhani atashangaa. Alikuwa chini ya sinki, akakaza nati yake kwanza.

"Mwambie tu."

"Nimwambieje?"

"Mwambie, 'Mama, unaimba vibaya.' Mimi nitakungoja hapa nje na plasta."

Hapo nikafanya kosa ambalo sitalitetea, ingawa unajua napenda kujitetea. Mpiko uliofuata nilimkonyeza Fundi, akafunga gesi mama akiwa katikati ya wimbo. Moto uliponyamaza, naye akanyamaza.

"Nani kazima?"

"Muda umetimia, mama."

"Muda wa nani? Mimi niko ubeti wa tano." Akaniangalia, kisha akauangalia mkono wangu wenye saa. "Msomi, ukitaka kunifundisha, nifundishe usoni. Usinipikie mgongoni."

Akawasha moto mwenyewe, akaanza upya ubeti wa tano. Niliivua saa, nikaitia mfukoni, mbele ya watu wazima wawili.

Sasa tuje kwenye saa yako ya ukutani. Nimeifikiria kwa haki. Saa ingeiponya bia, lakini ingemthibitishia mama kile alichokwisha kukisadiki, kwamba mikononi mwake kuna kitu kimeharibika. Wala si kweli. Wimbo ule si kipimo kibovu. Ni kipimo kilichopungukiwa nusu yake, na nusu ikipungua dawa ni kuirudisha, si kuitupa na ile iliyobaki.

Kwa hiyo, siku ya kupika bia ya tamasha, niliipindua ndoo, nikaikalia. Mama alimaliza ubeti wa kwanza, akanyamaza, na mimi nikaitikia.

Aligeuka. "Nini hicho?"

"Kiitikio."

"Ah. Nilidhani mlango wa ghala umefunguka."

Fundi Bomba alicheka hadi akashika ukuta. Lakini ubeti wa pili mama aliuanza palepale nilipomaliza, bila kungoja. Ubeti wa nne alikuwa akigonga ukingo wa sufuria kwa mwiko. Ubeti wa saba tuliuimba watatu, Fundi akiwa na maneno yake mwenyewe ambayo siwezi kukuandikia. Dakika kumi na moja. Hiyo moja ya ziada ni yangu, nikiitafuta sauti.

Sasa tamasha. Lilikuwa katika ukumbi mkubwa wa maonyesho, meza ishirini na tatu, kila moja na mabomba yake na mapipa yake. Jirani zetu upande wa kushoto walikuwa na bango la taa na vijana wanne waliovaa fulana za rangi moja. Sisi tulikuwa na kitambaa cha meza ambacho mama alikipiga pasi mara mbili. Waamuzi walionjea chumba cha ndani, bilauri zikiwa na namba tu, bila jina la mpishi. Tangu asubuhi mama alimimina, alifuta meza, alicheka na wateja, ila bia yake hakuigusa.

Mchana akaja yule dereva wa lori mstaafu, aliyekuwa akinunua kwetu kila mwisho wa mwezi kisha akapotea. Alichukua bilauri kwa adabu ya mtu anayetembelea mgonjwa. Akaonja. Akaonja tena.

"Mama, hii si ile ya siku zile?"

"Siku zipi?"

"Siku zile nilipokuwa nakuja."

Mama aliichukua bilauri yake. Alimwongeza bila kuombwa, mpaka povu likamwagikia vidoleni mwake.

Mwamuzi mkuu, mwanamke mmoja mwenye penseli sikioni, alileta karatasi mwenyewe. Hatukupata nishani. Tulikuwa wa nne, na nilikwisha kufungua kinywa kuujadili utaratibu wao wa kutoa alama, mama akanikanyaga mguu. Karatasi ilisema: "Harufu ya maua imerudi. Bia iliyotulia." Mama aliisoma, akaisoma tena, akajimiminia bilauri nzima, akainywa akiwa amesimama. "Ulimi wangu mzima," akasema, si kwetu, kisha akamwagiza Fundi afungue pipa la pili.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: haachi. Mwiko uko mahali pake, na Alhamisi tunapika tena.

Ukweli nilimwambia kesho yake asubuhi tukiosha mapipa. Nilimwambia usoni, kama alivyotaka. Alifunga maji.

"Sekunde arobaini?"

"Arobaini."

"Kila ubeti?"

"Kila ubeti, mama."

Akakaa juu ya pipa. "Basi watoto wa watu nimewanywesha ukali miaka mitatu, nikimngoja mtoto niliyemwambia mwenyewe nenda." Alicheka kidogo, akajifuta uso kwa aproni, akaufuta tena. Halafu akaninyooshea kidole. "Usimwandikie dada yako. Atadhani namwita. Nilimwambia aende akajenge nyumba yake, na neno langu sijalifuta."

Nimelitafakari katazo hilo siku sita, na kama unavyoona nimelivunja. Mama anataka uishi kwa utulivu, nami nataka hivyo hivyo. Ila kukuficha kwamba unapendwa kiasi hiki, eti kwa ajili ya utulivu wako, ni hoja nisiyoweza kuikubali, hata ikitoka kwake. Wala mimi sikuiti. Nyumba yako ni huko, na kazi yako ya kuwauguza watu hainunuliwi kwa bia. Ndoo ina mtu, ingawa sauti yake haipendezi. Akikupigia simu, nakusihi usimwambie kwamba unajua. Muulize miguu yake, mcheke juu ya uimbaji wangu, nawe utasikia jinsi alivyo mwepesi siku hizi.

Nisalimie shemeji sana, na umwambie goti haliheshimu ushujaa. Wabusu wapwa zangu, na yule mkubwa mwambie mjomba wake anangoja barua yake mwenyewe, yenye makosa yake mwenyewe. Fundi Bomba anakusalimu, na mwamuzi wa penseli angekusalimu kama angekujua. Mama anakusalimu kila siku, kwa njia uliyokwisha kuisoma.

Jambo la mwisho. Mama aliniagiza nizimwage chupa za mwaka jana zilizosalia. Nilizimwaga zote isipokuwa moja, na fundi viatu wa jirani, anayekuletea barua hii, ameibeba ndani ya soksi zake mpya. Waamuzi hawakuikosea: ni kali, na harufu haina. Inywe hivyo hivyo, polepole, na usimpe mgeni. Wale waliiandikia sentensi mbili tu, kwa kuwa hawakujua ilikaa motoni ikimngoja nani.

Mungu akulinde wewe na wako wote, na akupe riziki yenye amani.

Mimi mdogo wako, akupendaye hata anapokubishia.