Mashine Iliyorudi 1980

Kisumu, Jumanne, Aprili 1996

Mvua tangu asubuhi. Viatu vyangu bado vina matope ya Ahero, na ugali umepoa mezani sijaugusa.

Leo nimedanganya mbele ya watu, na anayeumia ni mama wa watu.

Mama Atieno ni karani wa shule moja kule Ahero. Kompyuta ya ofisi niliwauzia mimi. Nikaiwekea password, nikamwambia mwalimu mkuu, kifua mbele, "Mzee, hapa haingii mtu ila Mama peke yake." Mdomo huu! Nilijua vizuri password hiyo inashikiliwa na kabetri kadogo kama shilingi. Ukikatoa dakika chache, mashine inasahau kila kitu, password na tarehe pia, inaanza upya 1980. Mafundi wote mjini tunajua. Wateja hatuwaambii.

Mwezi uliopita Mama aliniita. Barua ya wazazi ilikuwa imetoka kwa printa na tarehe ya 1980, ofisi nzima ikacheka. "Na tangu jana hainiulizi password," akaniambia. Nilipogeuza kasha la mashine nikakuta skrubu mbili hazipo. Nikajua hapo hapo kuna mtu amelifungua.

Nikarudisha tarehe, nikarudisha password, nikaweka skrubu zangu mbili, nikasema betri imechoka. Ilikuwa aibu tu. Ningemwambia nini mwalimu mkuu baada ya kujisifu vile?

Sasa maswali ya mtihani wa shule wa Kidato cha Nne, yaliyochapwa kwenye mashine ile, yamevuja, na pale shuleni anayejua password ni Mama peke yake. Leo bodi ya shule imetuita sisi wawili pale ofisini. Miaka kumi na sita Mama ameketi kwenye kile kiti cha karani. Akanigeukia, akasema, "Baba, waambie ile siku mashine ilirudi 1980."

Nikasema, "Ilikuwa betri tu."

Yawa, jamani! Afadhali angenitukana. Aliinuka, akatoa kile kitambaa alichofuma mwenyewe cha kufunika kompyuta, akakikunja polepole, akakitia kwenye mkoba wake. Hakuna aliyemzuia. Ijumaa bodi inamfukuza rasmi.

Jioni hii yote najiuliza naogopa nini hasa. Naogopa kuitwa tapeli, kwa sababu shule zingine pia zina mashine zangu na ahadi ile ile. Nimeandika, basi.

Ile barua ya 1980 bado iko kwenye faili, hakuna aliyeitupa.

Kesho narudi Ahero, hata kama maji yamepanda barabarani. Nabeba bisibisi. Nitafungua kasha mbele ya mwalimu mkuu, nitoe betri, tungoje kidogo, halafu nimwambie aiwashe yeye mwenyewe, bila Mama, bila password. Kisha nitamwonyesha skrubu mbili zisizofanana na zingine, nimwambie nani aliziweka na kwa nini.

Kazi yake wanaweza kumrudishia. Kile kitambaa sijui kama atakirudisha.