Perege wa Marehemu Baba

Mpendwa dada Josephina wa ukurasa wa ushauri, naomba unisikilize hadi mwisho, maana hapa Kiegei sina wa kumweleza.

Mimi ni Zaina, mtoto wa marehemu mzee Abdalah, ambaye enzi za uhai wake alivua perege wadogo kwenye kijito huko Kilimarondo akawaleta kwenye bwawa letu nyuma ya mikorosho, na sasa kijito kile kimekauka na bwawa lenyewe linavuja, maji yamebaki ya magotini, na watafiti waliokuja kuwaangalia wanasema perege wa aina hii hawajawaona tena kote walikozunguka. Wanaomba madume wachanga wachache wawapasue, watoe chembe zinazotengeneza mbegu, wazigandishe kwenye mtungi wa naitrojeni kama zinavyohifadhiwa mbegu za madume ya ng'ombe, ili hata bwawa likikauka, siku moja zipandikizwe kwenye vifaranga vya samaki wengine, navyo vikikua vizae perege wetu. Mimi nikakubali, lakini mama yangu aliposikia neno kupasua alisimama na bakuli la pumba mkononi akasema, "Baba yako amekufa mara moja, inatosha," na tangu hapo hasemi nami, anakula peke yake, na kaka yangu Huzaifa naye anataka tuwavue wote tuweke sato wanaokua haraka, kwa sababu watoto wake hawashibi kumbukumbu, na hapo simlaumu. Watafiti wanarudi wiki ijayo. Nikiwazuia perege watatoweka, nikiwaruhusu naona nampoteza mama. Nifanye nini?

Zaina, Kiegei, Nachingwea

*

Zaina mdogo wangu, pole sana. Nilipiga namba uliyoniachia, akapokea mama yako. Nilipojitambulisha tu akajua kwa nini napiga. Akaniambia, "Hao samaki nawalisha mimi kila asubuhi. Wakiondoka wote, nikiamka niende wapi?"

Umesikia? Hakuna mtu aliyemwambia kwamba wengine watabaki. Ulimweleza habari za mtungi, hukumuuliza yeye anaumia wapi. Hapo nakulaumu, ingawa najua maji yanayopungua ndiyo yaliyokuharakisha.

Leo hii kaa naye jikoni, umwombe radhi kwa kuamua bila yeye. Usimfiche kitu: hao wachache watakufa, na chembe zilizogandishwa ni akiba tu, nyingine huharibika zikiyeyushwa. Kwa hiyo majike na madume wakubwa wabaki hai bwawani, na watafiti wakubali hilo mbele ya mama na mwenyekiti wa kitongoji kabla wavu haujagusa maji. Madume wa kutoa achague mama.

Huzaifa ana haki ya kulisha wanawe. Achimbe bwawa lake la sato, mbali na hilo, maana sato wakiingia kwa perege watazaliana, na uzao aliouleta baba yenu utapotea hata mvua ikinyesha vizuri. Ila kwanza mshirikiane kuziba bwawa la zamani kwa udongo wa mfinyanzi. Mtungi wa watafiti hauzibi bwawa linalovuja.

Kabla ya kukata simu mama yako aliniuliza kama hao wageni wanakula ugali au apike wali. Nenda ukamjibu wewe.