Upande Huu wa Mto

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo nimepewa buti. Zilikuwa za mtu mwingine, zinanitosha nikivaa soksi mbili. Mwalimu Weldon ametupeleka msituni mpaka kwenye mianzi. Alikuwa askari wa msitu kabla ya kustaafu, sasa anatufundisha kuongoza wageni. Anatembea polepole – lakini jaribu kumpita!

Kwenye kozi tumebaki wawili, mimi na Okoth. Okoth amezaliwa hapa Kericho, kwenye nyumba za kampuni ya chai, baba yake ni fundi kiwandani. Bado watu wakisikia jina lake la Kijaluo wanamuuliza kwao ni wapi. Anacheka tu. Mimi nisingecheka.

Jumapili, 11 Mei

Nimeenda nyumbani Sotik. Kanisani mama aliwaambia wenzake eti Janeffer wangu anasomea u-guide. Mama Rodah, masikio yamezeeka, akasikia ugaidi! Akashika kifua. Ikabidi mchungaji aingilie. Tulicheka mpaka machozi.

Lakini jikoni mama hakucheka. Alisema mashine imenitoa kwenye kuchuma chai, sawa, hiyo si makosa yangu. Ila kutembeza watu wazima wakiangalia miti, hiyo ni kazi? Na nani ataoa msichana anayeshinda msituni na wanaume? Nikaendelea kusonga ugali. Nikiwa kule juu, kwenye baridi, jibu huwa ninalo. Nikifika kwake linapotea.

Jumatano, 14 Mei

Somo la mto. Tunavuka kwa kukanyaga mawe, hakuna daraja. Mwalimu anasema jua likiwaka hapa, mvua inaweza kuwa inanyesha kule juu. Maji yakigeuka rangi na majani mabichi yakianza kuelea, usivuke. Keti. Hata kama wageni watakutukana.

Halafu nikaongoza, yeye na Okoth wakijifanya wageni. Mbaya kabisa. Sauti haitoki. "Tafadhali, kama mnaweza, tusimame kidogo..." Mwalimu akanikatiza: "Janeffer, wewe unaomba. Usiombe. Waambie."

Anasema hivyo kama ni rahisi. Kwetu mzee akiongea, unaangalia chini. Nimeangalia chini maisha yangu yote.

Ijumaa, 16 Mei

Kesho mtihani. Wageni wa kweli, wanafunzi wa chuo cha Kabianga na mwalimu wao, Madam Molly. Mimi mbele, Okoth nyuma, Mwalimu anatuangalia tu. Nikipita, nitapata beji. Nimepaka buti mafuta. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika hapa hapa msituni, mgongo kwenye mti.

Asubuhi ilienda vizuri. Tulivuka mawe yakiwa makavu. Nilionyesha kinyesi cha ndovu, wakapiga selfie nacho! Okoth akawaitia ndege, ndege akajibu. Hata Madam Molly alifurahi.

Tukirudi, Mwalimu akateleza kwenye mzizi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Okoth akamfunga mguu kwa vijiti na leso ya Madam. Vijana wakambeba kwa zamu mpaka hapa mtoni.

Na mto umegeuka. Kahawia, kama chai ya maziwa. Majani mabichi yanapita. Mawe bado yanaonekana, yote isipokuwa lile la kwanza.

Mwalimu akasema tuvuke haraka, kabla haujajaa. Nikamwambia, Mwalimu, ulitufundisha tusivuke.

"Huu mto nimeuvuka tangu nikiwa mtoto. Na huu mguu ni wangu. Mnibebe, twende!"

Jasho lilikuwa linamtoka. Madam Molly akaniambia nimsikilize mzee, ana uchungu, na yeye mwenyewe ameacha mtoto mchanga nyumbani. Wote walikuwa sawa. Hilo ndilo baya – wote walikuwa sawa.

Nikaangalia chini. Nikaona buti zangu, na maji karibu na buti.

Nikasema, "Hatuvuki."

Nikarudia, "Hatuvuki. Tunapanda hapo juu penye mawe, tunakaa. Okoth atarudi mlimani atafute network, aite watu waje na kamba kutoka upande wa pili."

Mwalimu akanitazama. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuleta kwenye hii kozi." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Hajaniongelesha tena.

Okoth ameenda zamani. Hajarudi. Mguu wa Mwalimu umefura, buti imebidi tuikate. Nimegusa vidole vyake, ni baridi. Amefumba macho lakini halali. Na mto – sijui. Haujapanda sana. Jiwe la pili linaonekana, halionekani, linaonekana. Kama nimekosea? Kama tungekuwa tayari barabarani, yeye kwenye gari, na hapa nimetuweka kwa ubishi wangu tu? Akipoteza huo mguu, nitakuja kumwambia nini? Nitamwambia nini mke wake?

Mvua imeanza, ile nyembamba. Madam Molly ananipa mgongo.

Sasa hivi Gordon, yule mwanafunzi mrefu, amevua viatu. Anasema mawe yanaonekana, atajaribu peke yake, akiweza wengine watamfuata. Nimefungua mdomo –

Mwalimu amenitangulia. Hajafumbua hata macho. "Kijana! Umesikia kiongozi amesema nini?"

Gordon amesimama, mguu mmoja majini. Hamwangalii Mwalimu. Ananiangalia mimi. Wote wananiangalia mimi.

Nafunga daftari, nasimama niwaambie.