Firigisi ya Baba Mkwe

Sally, nimejifungia bafuni. Nimekasirika sana.

Unajua vile Wamalwa amepagawa na yale mashindano ya upishi kwa TV. Leo babake amekuja kututembelea, nikapika kuku na ugali. Wamalwa akaninyang'anya sahani eti "wacha nipambe."

Akakata firigisi. Sally, firigisi ya mzee, ile kwa desturi yetu anapewa yeye peke yake, ikiwa nzima, na mwanamke haionji. Akaikata nyembamba kama kachumbari, akagawia kila mtu, hata mimi mwanamke.

Mzee akaangalia sahani, akauliza polepole, "Nani amekata firigisi yangu?"

Na huyu mume wangu, bila aibu: "Ni Truphosa, baba."

Ni Truphosa. Yaani mimi.

Mzee akachukua kofia akaenda.

Sasa Wamalwa anagonga mlango eti chai iko wapi. Nikitoka hapa namfuata mzee steji ya matatu, nimwambie nani alishika kisu. Chai ajipikie, na aipambe.