Neno Ulilolirudia, Mama

Mama yangu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka mji huu wa Ujerumani. Asubuhi nafundisha Kiswahili, mchana nageuka mwanafunzi wa isimu tumizi, elimu ya jinsi watu wanavyojifunza lugha, wanavyoitumia na wanavyoipoteza. Siku hizi situlii. Barua hii nimeianza nimesimama jikoni, nikaiacha, nikazunguka mtaa mzima, nikarudi.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Ng'ambo, pale Tabora mjini? Baba yuko barazani na cherehani yake, wewe uko uani unachuja asali iliyotoka kwenu Kaliua. Mama mdogo Tatu akija, mlikuwa mkiongea Kinyamwezi na kucheka mpaka machozi. Nikitokea tu mlangoni mnahamia kwenye Kiswahili, kama watu waliofumaniwa. Siku moja nilikuuliza mnacheka nini.

"Hayo ni ya shamba," ukasema. "Wewe shika Kiswahili na Kiingereza, vitakufikisha."

Nikavishika. Vikanifikisha huku.

Kisha ukapata kiharusi. Nilipopiga simu niliisikia sauti yako, ile ile, ila sikuelewa hata neno moja. Kiswahili chote kilikuwa kimekutoka. Kilichobaki ni kile ulichokuwa ukinificha. Nikawa nasema, "Mama, ni mimi, Mwajuma," nawe unanijibu kwa maneno marefu. Mimi, mwalimu wa lugha, nilihitaji mkalimani kwa mama aliyenizaa.

Mama mdogo akachukua simu. "Anasema amefurahi kukusikia. Anasema usome, usihangaike."

Nilikuwa na mitihani. Nikamwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini. Nikamwomba awe anakurekodi na kunitumia. Nilikusikiliza kila siku nikienda kazini, bila kuelewa, ili mradi nikusikie tu. Haikupita hata mwezi wakanipigia. Ulizikwa alasiri ile ile, mimi bado natafuta ndege.

Profesa wangu alinipa pole. Kisha akasema, "Hizo rekodi ni data adimu. Ungeziandikia tasnifu." Nilitoka ofisini kwake kwa hasira, bila kuaga. Lakini wiki ile ile nilimpigia mama mdogo nikamwomba anifundishe Kinyamwezi. Nilifanya hivyo kwa ajili ya tasnifu au kwa ajili yako? Mpaka leo sijui vizuri.

Tukawa tunasoma kila Jumamosi. Salamu, viungo vya mwili, kula, kulala. Siku alipofika kwenye neno la kumwita mtu aje, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikafungua rekodi zako palepale. Lilikuwemo. Katika kila rekodi, mama, tena na tena, likifuatwa na jina langu.

"Mama mdogo, alikuwa ananiita."

Akataka turudi kwenye somo.

"Alikuwa ananiita nije, wewe ukaniambia nisome!"

"Mwanangu," akasema, na nikasikia analia, "kabla hajaanguka aliniapisha. Alisema hata akiumwa vipi, Mwajuma asiache shule. Sasa ningemtii yupi? Yule aliyeniapisha, au yule wa kitandani?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikashindwa. Nikajaribu kukuchukia wewe, nikashindwa pia. Nikabaki na mimi mwenyewe, na huyo ndiye anayenizungusha mitaani.

Wiki iliyopita darasani tulikuwa kwenye vitenzi vya amri. Hanna, msichana mpole anayekaa mbele, akauliza: "Mwalimu, tunasema 'kula' na 'kunywa'. Kwa nini hatusemi 'kuja'? Kwa nini ni 'njoo'?" Akalirudia lile neno akinitazama, akisubiri. "Njoo. Njoo." Niliwaomba radhi, nikatoka nje, nikakaa ngazini mpaka kipindi kikaisha.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa ya miezi miwili. Profesa aliuliza vipi kuhusu data. Nikamwambia nitatafuta mada nyingine, kwa sababu zile rekodi ni mazungumzo ya mama na mwanawe, na upande wa mwana bado haujajibu. Alinitazama sana. Kisha akatia saini.

Mama mdogo ameshaandaa chumba Kaliua. "Ila ujue," ameniambia, "ukivuka kizingiti changu sikuongeleshi Kiswahili. Utakula kwa Kinyamwezi, utalala na njaa kwa Kinyamwezi." Nilicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Nitateremka kwanza Tabora. Nitafika kaburini kwako na yale maneno machache niliyo nayo, nikiyakosea matamshi. Utanivumilia. Sijui kama nitatulia nikishakusalimia. Siwezi kukuahidi.

Pumzika, mama. Nimechelewa mno, lakini nimekusikia. Nakuja.

Mwanao, kitinda mimba wako.